Chachu Katika Joto la Pwani

Lugha yetu ina maneno mawili kwa kile kinachoufanya unga uliokandwa uinuke na kuwa mwepesi, nayo ni hamira na chachu, na mwenye kuyatazama kwa makini huona kwamba kila moja limeshika upande wake wa jambo lile lile. Hamira ilitujia kutoka Kiarabu, ambako shina lake ni moja na shina la neno la mvinyo, na kwa sababu hiyo imebeba ndani yake habari ya povu na harufu kali. Chachu ni neno letu wenyewe, ndugu wa kuchacha, na kuchacha ndilo neno tunalolitumia kwa mchuzi uliolala bila kupashwa moto, kwa wali wa juzi, na kwa tui lililosahauliwa mezani hadi likageuka. Basi yeye atakaye kuoka mkate wa chachu nyumbani kwake hana budi kufanya jambo ambalo mama zetu walitufundisha kulihadhari: kukiacha chakula kichache kwa makusudi, na kikisha kuchacha akitunze, akilishe, akiangalie asubuhi na jioni kama aangaliavyo mfugo.

Siku hizi hamira huuzwa dukani katika vipakiti, chembe ndogo kavu za rangi ya mchanga, na aliyezaliwa baada ya kuenea kwake huweza kudhani kwamba mkate haukupata kuumuka bila ya hizo. Hamira ya kiwandani ni mgeni wa juzijuzi tu katika tarehe ndefu ya mkate. Ilikuwa mwaka 1857 ndipo Mfaransa Louis Pasteur alipotoa maandiko yake juu ya kuchacha kwa maziwa, akishikilia kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe vyenye uhai, na mwaka 1868 ndipo ndugu wawili, Charles na Maximilian Fleischmann, pamoja na mshirika wao James Gaff, walipoanza mjini Cincinnati, Marekani, kutengeneza hamira iliyoshindiliwa vipande na kuwauzia waokaji. Kabla ya hapo mkate aghalabu uliinuliwa kwa chachu ya nyumbani au kwa povu la pombe. Plinio wa Roma, aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Isa, alizitaja namna kadhaa za kutengeneza chachu, mojawapo ikiwa ya unga wa nafaka ndogo uliokandwa kwa maji ya zabibu, kisha akaeleza kwamba watu wa zama zake aghalabu hawakujitaabisha kwa hayo, bali walibakisha sehemu ndogo ya donge la jana na kulichanganya na donge la leo.

Wazee wetu wa pwani waliujua mwendo huo kwa njia yao. Aliyetaka vitumbua vyake viumuke, au mkate wa kumimina upate yale matundu madogo yanayoufanya uwe laini ulimini, aliweza kutuma mtoto kwa mgema apate kikombe cha tembo jipya, kwa kuwa utomvu utokao katika karara la mnazi ni mtamu unapodondoka, lakini kabla jua halijafika utosini huwa tayari umeanza kutoa mapovu, na kibuyu kilichoupokea, kilichobaki na masalio ya jana, ndicho kilichousaidia kugeuka upesi. Wagoa nao, ambao mafundi wao wa mikate walipata sifa katika miji mingi ya Bahari ya Hindi, kwao waliinua mkate kwa tembo hilo hilo la mnazi, na watu wa Sri Lanka wana chapati zao nyembamba za mchele, zenye umbo la bakuli, ambazo huumuliwa vivyo hivyo. Huko bara kwetu yuko aijuaye togwa, inayotengenezwa kwa uji na kimea cha ulezi. Na Wahabeshi, wanapoandaa injera yao ya unga wa tefu, huchota maji ya manjano yaliyoelea juu ya kinyunga cha awali, wayaitayo ersho, wakayatia katika kinyunga kipya. Yote haya nayataja ili msomaji asije akadhani kwamba nampelekea jambo la kigeni. Kigeni katika mkate huu ni ngano. Kuchacha tulikuwa nako.

Sasa tuangalie kilichomo ndani ya bakuli la chachu, maana ajaye kwa elimu hii hafanyi hofu bure anapoona povu wala hafanyi furaha bure. Mna jamaa mbili za viumbe visivyoonekana kwa jicho tupu. Jamaa ya kwanza ni hamira za mwituni, ambazo hukaa juu ya punje za nafaka na huingia kinuni pamoja nazo. Hizi hula sukari na kutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayovimbisha donge. Jamaa ya pili ni bakteria wa namna ile ile wanaogandisha maziwa, nao hula sukari na kutoa asidi, nyingine laini kama ya mtindi, nyingine kali kama ya siki. Ukali huo una manufaa makubwa zaidi ya ladha. Unga na maji vikiachwa wazi huvutia vijidudu viovu vya kila aina, lakini asidi huwafukuza wengi wao, ikawa bakuli la chachu iliyokomaa ni kama mji wenye boma, ambamo raia wake wa kudumu hustarehe na wageni waharibifu hawapati pa kukaa.

Mwaka 1971, wataalamu Leo Kline na T. F. Sugihara, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Albany, California, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya mkate mchachu wa San Francisco, ambao tangu siku za watu waliokimbilia dhahabu, mwaka 1849, ulikuwa fahari ya mji ule. Walichukua chachu katika viwanda vitano vya mikate na kukuta, kwa sehemu kubwa, hamira ya aina moja na bakteria wa aina moja, huku bakteria wakizidi hamira kwa kadiri ya 100 kwa 1. Nao bakteria wakapewa jina la mji. Lililonivutia mimi kuliko idadi hizo ni maafikiano yao. Ngano inapokutana na maji, vimeng'enya vyake huanza kuivunja wanga na kutoa sukari iitwayo maltosi; bakteria wa San Francisco huipenda sukari hiyo kuliko nyingine yoyote, na hamira iliyokaa nao haiwezi kabisa kuila. Basi hawagombani juu ya chakula. Tena bakteria, wanapoigawa maltosi, huachia nje sehemu ya glukosi, ambayo hamira huila, na hamira hiyo nayo huistahimili asidi ambayo ingeizima hamira nyingine. Majirani wa namna hiyo hudumu pamoja miaka mingi, lau mwenye bakuli atawalisha.

Kuanzisha chachu hakutaki chombo cha thamani. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyooshwa kwa maji ya moto, utie vijiko vitatu vya unga wa ngano usiokobolewa, ule ambao maduka mengi huuita atta, pamoja na vijiko viwili au vitatu vya maji, ukoroge hata uwe kama uji mzito, kisha ufunike kwa kitambaa. Unga mweupe nao hufaa, lakini wa ngano nzima una pumba, na katika pumba ndimo walimo wengi wa hao tunaowatafuta. Ukipenda, tia kijiko kimoja cha unga wa ulezi au wa mtama uliosagwa nyumbani. Mimi hufanya hivyo, na sijapata kuona hasara yake. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yachemshwe kwanza na kuachwa yapoe, au yalale katika ndoo wazi usiku kucha, maana dawa ile iliwekwa humo ili iue vijidudu, na haibagui.

Kila siku utatupa sehemu kubwa na kubakisha kijiko kimoja, uongeze unga na maji mapya. Hapa ndipo panapowashinda watu wengi, nami nataka nikae kidogo mahali hapa. Siku ya pili, mara nyingine siku ya kwanza yenyewe katika hali yetu ya joto, chupa hujaa mapovu, uji hupanda hata ukakaribia mdomo, na mwenye nyumba huwaita watu waje watazame. Siku ya tatu au ya nne kila kitu hunyamaza. Hakuna povu, harufu ni mbaya, mara kama ya soksi, mara kama ya jibini lililooza, na juu hukaa maji ya kijivu. Wengi huimwaga chachu siku hiyo, wakiamini imekufa, ilhali haijazaliwa bado. Lile povu la mwanzo lilikuwa kazi ya bakteria wa namna nyingine, wapendao uji usio na asidi. Kwa kufanya kazi kwao wakaujaza asidi kidogo kidogo hata ukawashinda wao wenyewe, wakaondoka, na hamira zilikuwa bado zimelala zikingoja asidi ifike kadiri yake. Anayeendelea kulisha kwa subira siku mbili au tatu zaidi ataona povu jipya, dogo dogo na la kudumu, na harufu itageuka kuwa ya matunda mabivu na mtindi. Iko hila moja ya kuufupisha ukimya huo, nayo ni kutumia maji ya nanasi yasiyotiwa sukari badala ya maji matupu katika siku mbili au tatu za kwanza, kwa kuwa ukali wa nanasi huwazuia wale wavamizi wa mwanzo wasipate nafasi. Pwani yetu, ambayo nanasi huuzwa kila pembe ya soko, haina sababu ya kuikosa hila hii.

Chachu huwa tayari kwa kazi pale ambapo, baada ya kulishwa, hupanda hata ikawa maradufu, tena ikafanya hivyo siku tatu mfululizo bila kukosea. Funga uzi au kipande cha mpira nje ya chupa mahali ilipoanzia, ujue imepanda kwa kiasi gani. Watu wengine hudondosha kijiko cha chachu ndani ya glasi ya maji. Ikielea, ina hewa ya kutosha. Jaribio hilo ni jema kwa chachu nzito, lakini nyepesi huweza kuzama nayo ni nzima, kwa hiyo mimi huamini uzi zaidi.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa nimeiandika sura hii. Vitabu vingi vya mkate wa chachu viliandikwa na watu wa nchi za baridi, na hesabu zao za saa ni za majiko yao. Mwanzoni mwa kazi hii, nikiwa Tanga, katika mwezi wa Februari ambapo kaskazi huvuma bila kupoza mwili, nilifuata kitabu kimoja kilichoagiza kwamba donge likandwe baada ya chakula cha usiku, liachwe juu ya meza hadi asubuhi, ndipo liundwe mkate. Nilitii neno kwa neno. Alfajiri nilikuta donge limepanda, likashuka, likamwagika ukingoni mwa beseni; harufu yake ilikuwa ya siki, na nilipotia mkono lilikatika vipande kama kitambaa kibovu kilichoroweshwa. Nikaoka hivyo hivyo kwa kuuonea huruma unga. Mkate ukatoka bapa, mgumu, wenye uchungu wa asidi, nami nikatia shaka mikono yangu, nikatia shaka unga, na nikakaribia kuitupa chachu, ambayo kumbe haikuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa katika hesabu. Kitabu kilidhani jiko la digrii 20, na jiko langu usiku ule lilikuwa digrii 30. Viumbe hivi, mpaka vifike kikomo chao, huongeza mwendo kadiri joto linavyopanda, na kwa kila digrii nane hadi kumi kazi yao hukaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo donge ambalo huko kwao lilihitaji saa nane au tisa, kwangu lilikuwa limekwisha kazi yake katika saa nne, na saa zilizobaki zikawa za kuharibika. Asidi ilipozidi, iliamsha vimeng'enya vya unga vinavyoikata gluteni, yaani ule utando wenye kunyumbuka unaoishika hewa ndani ya mkate, na utando ulipokatika hewa ikatoroka. Tangu siku ile nimeacha kuuliza saa, nikauliza donge.

Na kuliuliza donge ni maarifa yanayofundishika. Kwanza, mtu wa pwani atie chachu kidogo kuliko wanavyosema wenzetu. Wao hutia gramu 100 za chachu katika gramu 500 za unga. Katika kaskazi mimi hutia 50, na wakati wa kusi, miezi ya Juni na Julai, hutia 75 au zaidi. Pili, atumie maji ya baridi. Maji ya mtungi uliotiwa kivulini ni mazuri, na ya barafu ni bora zaidi katika miezi ya joto kali. Tatu, chumvi isipungue gramu 10 kwa kiasi hicho cha unga, maana chumvi huwapunguzia mwendo hao viumbe na huikaza gluteni. Wakati wa masika, unga wenyewe hunywa unyevu wa hewa ukiwa bado mfukoni, hivyo maji yapunguzwe vijiko viwili vitatu, na hili hakuna kitabu kilichonifundisha. Lilinifundisha donge lililokuwa likininata vidoleni kila mwaka ifikapo Aprili.

Kwa mkate mmoja wa nyumba ya watu wanne au watano, pima gramu 400 za unga mweupe na 100 za atta, maji gramu 330, chachu na chumvi kama nilivyotaja. Unga wetu wa dukani, ule wa chapati na maandazi, aghalabu hauna nguvu ya gluteni iliyo katika unga wa mikate wa nchi nyingine, ndiyo maana sitii maji gramu 375 au 400 kama wapendavyo wao. Anayetia maji hayo hapa atapata uji. Changanya unga na maji peke yake, uviache nusu saa vizoeane, kisha utie chachu na chumvi, ukande hata vichanganyike sawasawa. Hakuna haja ya kuupigapiga kwa nguvu. Katika saa mbili za kwanza, kila baada ya nusu saa, loweka vidole majini, shika upande mmoja wa donge, ulivute juu polepole kadiri linavyokubali bila kukatika, ulikunjie katikati, kisha uzungushe beseni na kufanya hivyo kwa pande zote nne. Mara ya kwanza donge huwa legelege na lenye kukwaruza. Mara ya nne huwa laini kama shavu la mtoto, nalo hushikamana lenyewe.

Kisha lifunike kwa kawa au kwa kitambaa kibichi, uliache. Vitabu husema lisubiriwe hata liwe maradufu. Msomaji wa pwani asisubiri. Donge likiongezeka kwa nusu tu ya kiasi chake, likawa na mapovu pembeni na kutikisika kwa ulaini unapolisukuma beseni, lichukue, uliunde mviringo, uliweke ndani ya bakuli au kikapu kilichotandikwa kitambaa kilichopakwa unga mwingi, ulitie katika jokofu. Sababu yake ni hii: donge lililo na joto la digrii 30 halipoi mara liingiapo jokofuni, bali hukaa saa nyingi likiendelea kupanda kwa ndani, na yule aliyelingoja hadi mwisho nje atalikuta limepita mwisho ndani. Lilale humo usiku kucha, saa 10 au 12. Baridi huilaza hamira lakini ladha huendelea kujengeka, na asubuhi donge huwa gumu kidogo, rahisi kulikata kwa wembe. Asiyekuwa na jokofu aanze kazi yake alfajiri na kuoka alasiri siku ile ile. Mkate wake utakuwa mpole zaidi, wa ladha ya mtindi kuliko ya siki, na wako wanaoupenda huo zaidi, mimi nikiwa mmoja wao.

Katika kuoka, jambo kubwa ni mvuke katika nusu ya kwanza ya safari, kwa kuwa ngozi ya mkate ikikauka mapema mkate hushindwa kutanuka. Huko Paris, katika duka lililofunguliwa mwaka 1932 na Pierre Poilâne katika mtaa wa Cherche-Midi, mikate mikubwa ya mviringo yenye uzito wa karibu kilo 2 huokwa katika tanuri la kuni, na tanuri lililojaa mikate hujitengenezea mvuke wake. Nyumbani mkate ni mmoja, hivyo tunaufungia katika sufuria nzito yenye mfuniko, ili maji yatokayo katika donge lenyewe yawe ndiyo mvuke. Mwenye oveni aipashe moto pamoja na sufuria ndani yake hata ifike digrii 240, aliweke donge juu ya karatasi ya kuokea, alichanje mstari mmoja mrefu, alitumbukize kwa uangalifu, afunike kwa dakika 25, kisha afunue kwa dakika 20 nyingine hata ngozi iwe na rangi ya kahawia iliyoiva, si ya manjano. Hofu ya rangi ndiyo iliyowanyima wengi utamu wa mkate huu.

Asiye na oveni asidhani kwamba amefungiwa mlango. Mama zetu walioka mikate ya ufuta na ya kumimina kwa moto wa juu na wa chini, na neno la kazi hiyo, kupalia, lingali hai. Tandika mchanga mkavu, kiasi cha vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa, uweke juu ya jiko la mkaa hata mchanga uwe moto sana. Tia ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye donge lako, ufunike kwa mfuniko wa bati ulio bapa, na juu yake upalie makaa mengi kuliko yaliyobaki chini. Chini pakizidi, mkate utaungua tako kabla ya kuiva moyo. Saa moja hutosha, na ukiugonga kwa chini utasikia sauti ya uwazi kama ya ngoma ndogo. Ngozi yake haitakuwa na mng'ao wa ile ya oveni, lakini harufu ya mkaa iliyoingia humo oveni haiwezi kuitoa.

Uache upoe saa mbili kabla ya kuukata. Najua ugumu wa agizo hili kwa nyumba yenye watoto, lakini ndani ya mkate wa moto wanga bado haijatulia, na kisu hukuta utepe wa kunata badala ya nyama kavu. Ukipoa huliwa kwa samli na asali, kwa maharage ya nazi, au kwa mchuzi wa pweza, ambao ukali wa mkate huu unaufaa mno. Tena hukaa siku nne au tano bila kuota ukungu, ijapokuwa hewa yetu ina unyevu, na hilo nalo ni kazi ya asidi ile ile.

Chachu yenyewe katika joto letu ilishwe mara mbili kwa siku ikiwa inakaa nje, kijiko kimoja cha ya zamani kwa vijiko vitano vya unga na kadiri hiyo ya maji, maana ukiipa chakula kidogo itakimaliza katika saa nne na kukaa na njaa. Anayeoka mara moja kwa wiki aiweke jokofuni, ailishe kila wiki. Anayesafiri aipake nyembamba juu ya karatasi safi, aianike kivulini penye upepo hata ikauke kama magamba ya samaki, aivunjevunje na kuihifadhi katika kopo lililofungwa. Akirudi ataiamsha kwa maji ya vuguvugu na unga, na katika siku mbili tatu itamjibu.

Hubaki ile inayotupwa kila siku, ambayo mimi sikuweza kuizoea kuitupa. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Shaabani, niliroweka mchele usiku, nikausaga asubuhi kwa tui zito, nikatia iliki na sukari, na mahali pa hamira ya dukani nikatia kikombe cha chachu iliyobaki. Kufikia adhuhuri mchanganyiko ulikuwa umeumuka hata ukainua kitambaa. Nikaupika kwa kupalia makaa, nikakata vipande, nikampelekea jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu mzazi, aliyezaliwa na kukulia katika mtaa ule ule. Alikula kipande cha kwanza kimya, akatazama matundu ya cha pili kwenye mwanga wa dirisha, akakinusa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mgema wako ni nani?"